Picha Kali, Mama Hana Jina

Jamani, hii vita ya lenzi nani kaileta? Wapiga picha wa Morogoro wakikutana, habari ni ile ile: lenzi yangu kali kuliko yako. Mtu anafungua picha ya Mlima Lupanga kwenye kompyuta, anaikuza mpaka jani moja lijae kioo, halafu anatoa hukumu. Mlima wenyewe keshausahau.

Twende kwenye hesabu basi. Lenzi ya 50mm ya bei ya chini na ile ya mamilioni hupishana tundu likiwa wazi kabisa, hasa pembeni mwa picha. Bana tundu hadi f/8, tofauti inapungua sana. Pitiliza hadi f/22, mwanga unatawanyika kwenye tundu dogo na zote mbili zinapoteza ukali. Kamera ya pikseli milioni 24 inatoa picha yenye upana wa pikseli 6000. Ukiipandisha Instagram inabanwa hadi 1080. Ukali ulioulipia umeishia wapi?

Na milima haijali bei. Kiangazi, vumbi na moshi vinakaa kati yako na Lupanga, na hakuna lenzi ya kuvifuta. Asubuhi baada ya mvua, hata simu inaonyesha miamba. Ndani ya msitu wa Bondwa, kwenye ukungu na giza la miti, ukishika kamera mkononi kwa 1/10 ya sekunde, kitakachoharibu picha ni mkono wako.

Najua mtauliza: na wanaopiga picha za ndege je? Sawa. Anayemtafuta Malaconotus alius, ndege asiyepatikana popote duniani ila misitu ya Uluguru, na ambaye hukaa juu kwenye vilele vya miti, anahitaji lenzi ndefu na kali. Huyo simgusi. Nawasema nyie mnaopiga picha za watu.

Nimeona picha nyingi za mama wa Kiluguru akishuka mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Kali kweli: unahesabu nyuzi za kanga, unasoma mpaka jina lake. Chini yake imeandikwa "Mwanamke, Uluguru", kisha aina ya kamera, lenzi, f/2.8. Kanga ina jina, lenzi ina jina, mama hana. Tena kwa Waluguru, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama!

Sisi wasomaji wa riwaya tukikutana na mhusika wa namna hiyo tunamwambia mwandishi wazi: huyu hujamuumba, umemweka kama pambo. Mbona mpiga picha tunampigia makofi?

Msalimie mama kwanza. Omba ruhusa, uliza jina, andika. Akikataa, shusha kamera. Hayo yote hayauzwi dukani, na mpaka yafanyike, mimi sitaiita picha hiyo kali, hata ingepigwa kwa lenzi ya bei ya shamba.