Je, Ni Aibu Kupiga Muziki wa Shamba?

Mara nyingi katika mabweni yetu huzuka ubishi juu ya muziki. Mmoja husema kwamba ngoma na vinanda vya wazee ni mambo ya shamba, na mtu aliyesoma hapaswi kuonekana akivipiga. Mwingine hujibu kwamba kila apigaye gitaa la umeme ameiacha asili yake, na mwacha asili ni mtumwa. Ubishi huu hauishi, kwa sababu kila mmoja hutaka kushinda tu, wala hapana aletaye mfano. Mimi leo naleta mfano mmoja, nao unatoka mbali, katika nchi ya Marekani. Ni habari ya bendi ya vijana wa mjini waliokuwa na sifa kubwa katika muziki wa roki, nao mwaka 1968 waliuweka kando mtindo wao wakaenda kupiga muziki wa watu wa shamba. Kwa maoni yangu walifanya vema, na sababu zangu nitazieleza. Walakini pana mambo mawili waliyokosea, nayo pia yatufaa kuyajua.

Bendi hiyo iliitwa The Byrds, nayo iliundwa katika mji wa Los Angeles mwaka 1964. Mwaka 1965 nyimbo zao mbili, "Mr. Tambourine Man" na "Turn! Turn! Turn!", zilifika nafasi ya kwanza Marekani. Watu waliwajua kwa mlio wa gitaa la nyuzi 12 la Roger McGuinn na kwa sauti zao zilizopatana vizuri. Lakini wao wenyewe hawakupatana hivyo. Mwishoni mwa mwaka 1967 David Crosby alifukuzwa, Michael Clarke naye akaondoka, wakabaki McGuinn na Chris Hillman. Ikawalazimu kutafuta wenzao wapya. Wakampata mpiga ngoma Kevin Kelley, binamu yake Hillman, na mapema mwaka 1968 wakampata Gram Parsons, kijana wa miaka 21 aliyelelewa katika jimbo la Georgia, kusini mwa nchi ile.

McGuinn alikuwa amekusudia kutengeneza santuri mbili za kueleza historia ya muziki wa Marekani, tangu nyimbo za kale hadi vinanda vya umeme vya siku zile. Parsons hakuitaka safari ndefu kama hiyo. Yeye aliupenda muziki wa kantri, yaani muziki wa watu wa shamba, na Hillman, ambaye tangu ujana wake alipiga mandolini katika bendi za namna hiyo, alimwunga mkono. McGuinn akakubali. Mwezi wa Machi 1968 walifunga safari mpaka Nashville katika jimbo la Tennessee, mji ulio kitovu cha muziki huo, wakaanza kurekodi. Kazi waliimalizia Los Angeles, na santuri ikatoka Agosti mwaka ule ule kwa jina la Sweetheart of the Rodeo.

Ili msomaji afahamu uzito wa jambo hili, yafaa aikumbuke Marekani ya mwaka ule. Vita vya Vietnam vilikuwa vimewagawa watu. Vijana waliofuga nywele ndefu na kupenda roki waliwadharau watu wa shamba, wakawaona kuwa hawajui dunia inakwenda wapi. Watu wa shamba nao waliwaona vijana hao kuwa ni wahuni wasio na adabu wala dini. Kila upande ulikuwa na muziki wake, redio zake na mavazi yake. Kweli, The Byrds hawakuwa wa kwanza kuonja kantri. The Beatles walirekodi wimbo mmoja wa kantri mwaka 1965, na Bob Dylan alikwenda kurekodi Nashville mwaka 1966. Lakini kuonja si kula. The Byrds walitengeneza santuri nzima ya nyimbo 11 kwa mtindo huo, bila kuogopa kwamba wapenzi wao wangewakimbia.

Sababu yangu ya kwanza ya kuwasifu ni kwamba walikubali kuwa wanafunzi. Sauti ya kantri haipatikani kwa kuvaa kofia pana. Iko gitaa moja katika muziki huo ambalo halipakatwi, bali hulazwa mbele ya mpigaji juu ya miguu minne kama meza. Mkono mmoja hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, mwingine huzidonoa, na huku miguu na magoti husukuma vyuma vya chini, sauti ikavutika kama ya mtu aliaye kwa mbali. Kulimudu gitaa hilo ni kazi ya miaka. Vijana hawa hawakujisingizia kwamba wanalijua. Huko Nashville walimtafuta Lloyd Green, na huko Los Angeles JayDee Maness, ambao walikuwa mafundi wake. John Hartford alipiga banjo na fidla, Earl P. Ball alipiga piano, na Clarence White alipiga gitaa. Wazee wetu husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wageni hawa walilishika jembe wenyewe, nao walilima pamoja na wenyeji.

Sababu ya pili ni kwamba walistahimili kukataliwa. Mwezi ule ule wa Machi walipata nafasi ya kuimba katika Grand Ole Opry, kipindi cha redio kilichoanza mwaka 1925 na ambacho kwa wapenzi wa kantri kilikuwa ni kama baraza kuu la wazee. Siku hizo kilitangazwa kutoka ukumbi wa Ryman, mjini Nashville. Walipopanda jukwaani, baadhi ya wasikilizaji waliwazomea. Waliimba wimbo wa Merle Haggard, na ilikuwa imetangazwa kwamba wataimba wa pili wa mtu huyo huyo. Parsons akabadili pale pale, akaimba "Hickory Wind", wimbo wake wa kukumbuka utoto, akisema kwamba anamwimbia nyanya yake. Wakubwa wa kipindi walikasirika sana.

Hapa nani alikosa? Mimi naona pande zote mbili. Mgeni aliyekubaliana na wenyeji juu ya jambo hana ruhusa ya kuligeuza mbele ya watu. Lakini mwenyeji anayemzomea mgeni kabla hajafungua kinywa amekosa zaidi, kwa maana amehukumu nywele badala ya wimbo. Baadaye wengi walikuja kuupenda wimbo ule ule wa "Hickory Wind", na Emmylou Harris, mwimbaji aliyeheshimiwa sana katika kantri, aliurekodi naye.

Wako watakaosema, "Muziki ni mali ya wenyewe, vijana wa roki walikwenda kuiba." Neno hili si la kupuuzwa, na ndipo inapoingia sababu yangu ya tatu. Tuulize kwanza: wenyewe ni nani? Banjo, ambayo leo watu wengi huidhani kuwa ni chombo cha wazungu wa milimani, ilitokana na vinanda ambavyo Waafrika wa Magharibi waliokamatwa utumwani walivikumbuka na kuviunda upya ng'ambo ya bahari. Mpaka leo Wajola wa Senegal na Gambia wana kinanda chao kiitwacho akonting, kilicho ndugu yake banjo. Na huko Grand Ole Opry kwenyewe, mmoja wa watu wa kwanza kupata sifa kubwa alikuwa mtu mweusi, DeFord Bailey, fundi wa kinanda cha mdomo aliyeweza kuigiza mlio wa gari moshi hata ukadhani linapita mlangoni. Mwaka 1941 aliachishwa kazi, akaishi kwa kung'arisha viatu katika mji ule ule wa Nashville. Alifariki mwaka 1982, na heshima ya kuingizwa katika jumba la watukufu wa kantri aliipata mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa. Basi waliowazomea The Byrds kuwa ni wageni walikuwa wamekwisha kumsahau mwenyeji wao wenyewe.

Tena muziki haukai kwao ukangoja ruhusa. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za asili, alifika Kapkatet katika nchi ya jirani zetu Wakipsigis wa Kenya. Huko alikuta wasichana wakiimba wimbo wa "Chemirocha". Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji mashuhuri wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis pamoja na gramafoni. Wao walimfanya kuwa kiumbe nusu mtu na nusu mnyama, wakamtungia wimbo kwa kinanda chao na kwa lugha yao. Je, wasichana wale waliiba? La. Walisikia, wakapenda, wakafanya chao. Wizi ni kuchukua na kumficha uliyemchukulia. The Byrds waliandika majina ya watunzi wao: Merle Haggard, Woody Guthrie, ndugu wawili Louvin, na William Bell, mwimbaji mweusi wa Memphis.

Sasa nitaje makosa yao. Kosa la kwanza ni la ulimi. Wimbo wa ndugu Louvin juu ya maisha ya Mkristo uliimbwa na McGuinn kwa lafudhi ya kusini ambayo hakuzaliwa nayo, na kila anayesikiliza kwa makini huona kwamba sauti ile imevalishwa nguo ya kuazima. Ndugu Louvin waliimba walichokiamini. McGuinn anasikika kama mwigizaji. Kujifunza kazi ya mtu ni heshima, lakini kuiga matamshi yake ni karibu na kumdhihaki.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo linatugusa sisi Waafrika. Mwezi wa Julai 1968, kabla santuri haijatoka, bendi ilikuwa London, tayari kwenda kuimba Afrika ya Kusini, nchi iliyokuwa ikitawaliwa kwa sheria za ubaguzi wa rangi. Parsons alikataa kwenda, akasema sababu ni ubaguzi huo, akajitoa katika bendi. Wenzake wengine, Hillman akiwa mmoja wao, hawakuisadiki sababu yake. Walisema alitaka tu kubaki Uingereza na rafiki zake wa The Rolling Stones. Yaliyokuwa moyoni mwake hatuwezi kuyapima. McGuinn na waliobaki walikwenda. Walieleza kwamba waliahidiwa wasikilizaji wa rangi zote, lakini walipofika walikuta watu wametenganishwa, nao waliimba hivyo hivyo. Walirudi na lawama tupu.

Nasema kosa hili ni kubwa kwa sababu katika santuri yao mlikuwa na wimbo wa William Bell. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis, katika jimbo lile lile la Tennessee walikorekodi. Mtu hawezi kuuchukua wimbo wa mtu mweusi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto apokee ujira katika ukumbi ambamo mtu mweusi hakai popote apendapo. Apendaye muziki wa watu sharti awapende na watu.

Najua liko neno la mwisho la wapinzani wangu: faida. Santuri ile ilifika nafasi ya 77 tu Marekani, nayo ilikuwa hafifu mno kwa bendi iliyozoea ya kwanza. Wapenzi wa roki waliona wametupwa, na wapenzi wa kantri hawakuwapokea. Lakini mbegu haipimwi siku ya kupandwa. Parsons na Hillman waliunda bendi nyingine, The Flying Burrito Brothers, wakaendelea na kazi ile. Mwaka 1971 hapo hapo Los Angeles iliundwa bendi ya Eagles, iliyochanganya roki na kantri, na santuri yake ya nyimbo teule za miaka ya 1971 hadi 1975 ni moja ya zile zilizouzwa kuliko zote katika historia ya Marekani. Parsons hakuyaona hayo, maana alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 26. Wengine walivuna alipolima.

Basi ndugu zangu wanafunzi, turudi kwenye ubishi wetu wa mabwenini. Wewe upigaye gitaa, usidhani utapungukiwa na cheo ukiketi chini ya mpiga adungu au endongo na kumwomba akufundishe. Mwite mwalimu, umsikilize, na siku ya tamasha ulitaje jina lake mbele ya watu kabla ya jina lako. Nawe uupendaye muziki wa wazee, usimzomee mwenzako kwa sababu ya gitaa lake. Mngoje kwanza aimbe. Na wote wawili mkumbuke kwamba mzee yule wa kijijini si ghala la kuchotea nyimbo; ni mtu, na haki yake hutangulia wimbo wake. Tukifanya hivyo, aibu ya kupiga muziki wa shamba itabaki kwa asiyejua kuupiga.