Maelezo ya Programu ni Sehemu ya Programu

Tarehe 23 Septemba 1999 chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilipotea kilipoifikia sayari ya Mirihi. Programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya ratili. Nyingine ikazipokea kana kwamba ni za nyutoni. Na hapo walikuwapo wanadamu wa kuulizana.

Itifaki ya Model Context Protocol, iliyotangazwa Novemba 2024, huiwezesha akili bandia kuchagua na kutumia programu kwa kusoma jina lake, maelezo yake na taarifa inazozihitaji. Mhandisi mgeni akitatizwa huuliza. Wakala wa akili bandia aghalabu hukisia, kisha huendelea na kazi. Basi anayeandika “hufuta kumbukumbu” bila kueleza zipi, wala kama zaweza kurudishwa, hajamaliza kuiunda programu yake, hata kama inafanya kazi barabara.