Yakobo Alikataa Kufarijiwa

Wana wa Yakobo walipokwisha kumwuza ndugu yao, walichinja mbuzi, wakaichovya kanzu ya Yosefu katika damu, wakampelekea baba yao wakimtaka aitambue. Hawakutamka kwamba Yosefu amekufa. Walimwachia mzee aseme mwenyewe. Kisha, kama isimuliavyo sura ya 37 ya Kitabu cha Mwanzo, wana hao hao waliinuka pamoja na dada zao ili kumfariji, naye akaikataa faraja yao.

Ndugu waamini, sura hii tumezoea kuisikia ikihubiriwa juu ya wivu wa ndugu na juu ya maongozi ya Mungu. Safari hii tungependa isomwe kwa ajili ya yule mzee. Ni habari ya mzazi aliyepotelewa na mtoto pasipo kuona maiti wala kaburi, na wazazi wa namna hiyo tunao kwetu, kuanzia barabara ya Kilwa hadi vijiji vya mikokoni vinavyofikiwa kwa mtumbwi.

Tangu mwaka 2015 hadi 2017 wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga zilipita katika hofu kubwa. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, viongozi wa chama na askari waliuawa kwa risasi, mara nyingi gizani, na watu ambao lugha ya siku zile iliwaita "wasiojulikana". Tarehe 13 Aprili 2017, siku ya Alhamisi Kuu, waamini walipokuwa wakikumbuka jinsi Bwana alivyowaosha mitume miguu, askari polisi wanane waliuawa wilayani Kibiti. Serikali ikaunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Rufiji, pikipiki zikapigwa marufuku usiku, na operesheni zikafuata. Mauaji yalikoma, na kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini wapo watu waliotoweka. Ajulikanaye zaidi ni mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo. Alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Mwezi Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, alisema katika mahojiano na BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa. Baadaye akaeleza kuwa maneno yake yalieleweka vibaya. Kanzu ililetwa, kisha ikarudishwa. Sisi hatujui namna nyingine ya kulieleza jambo hilo.

Huzuni ya namna hii ina tabia zake. Mtu aliyefiwa huzika, hukaa matanga, huanua tanga, na polepole moyo hukubali. Aliyepotelewa hana siku ya kuanza. Akilia, anajiona amemwua mtoto wake kwa machozi. Akitumaini, majirani humwona amechanganyikiwa. Usiku husikiliza hatua za mlangoni. Hula bila kuonja ladha, husahau alichotumwa, hukasirikia watoto waliobaki au huwafungia ndani. Wataalamu wa afya ya akili huyataja mambo haya kwa majina, kama kiwewe na sonona, nao wanafundisha kwamba yanatibika. Si aibu, wala si uvivu.

Maandiko yanayajua. Yosefu aliuzwa akiwa na miaka 17. Ukihesabu miaka hadi baba yake alipopata habari zake, unapata kama 22. Muda huo wote haukumponya Yakobo. Njaa ilipowalazimu wanawe kwenda Misri kutafuta nafaka, alimzuia Benyamini asiende, kwa kuogopa asije akapatwa na baya njiani. Tazameni basi mzazi wa Kibiti anayemkataza kijana wake kutoka jua likizama, ingawa amani imerudi miaka mingi sasa. Na hatimaye walipomletea Yakobo habari kwamba Yosefu yu hai, moyo wake ulikufa ganzi, hakuwaamini. Katika sura hizi zote hatuoni mahali hata pamoja Mungu anapomkemea mzee huyu kwa upungufu wa imani.

Kwa nini basi sisi tunakemea? Katika jumuiya ndogo ndogo mama wa namna hii huambiwa aongeze novena, asamehe, aache kuwaza, amwachie Mungu. Wengine hunong'ona kwamba ana pepo, na safari za kutafuta maombezi zikaanza, huku fedha ya korosho au ya mpunga ikiishia nauli na sadaka. Kanisa lenyewe ni la tahadhari zaidi kuliko baadhi yetu. Kanuni ya 1172 ya Sheria za Kanisa hairuhusu mtu yeyote kumpunga aliyepagawa bila idhini ya wazi ya Askofu, na ibada yenyewe iliyotolewa upya mwaka 1999 inaonya kwamba ugonjwa, hasa wa akili, usidhaniwe kuwa pepo. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye aliwekwa na Bwana. Sala na dawa hazikugombana katika kitabu hicho. Ni sisi tuliozigombanisha.

Hata hivyo tusidhani kwamba tiba ya hospitali peke yake itamaliza jambo hili. Hapa ndipo Yakobo anapotufundisha zaidi. Faraja aliyoikataa ilitoka kwa watu waliojua ukweli wakauficha. Walikaa naye, walimshika mkono, pengine walilia kweli, lakini kila neno lao lilikuwa tupu. Roho yake haikuburudika mpaka alipoelezwa yote na kuyaona kwa macho yake magari yaliyotoka Misri. Mgonjwa wa namna hii anahitaji kuambiwa mtu wake yuko wapi. Kama amekufa, aambiwe, na aonyeshwe mahali.

Sheria ya Kanisa inaliona hilo hata katika ndoa. Kanuni ya 1707 inasema kwamba kutoweka kwa mwenzi, hata kwa muda mrefu, peke yake hakutoshi kumtangaza kuwa amekufa. Askofu sharti afanye uchunguzi na apate uhakika wa kimaadili. Mke wa aliyetoweka atapata wapi uhakika huo, ikiwa wenye habari wamenyamaza? Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika Rufiji, wana shida iyo hiyo: mke hajui kama akae eda au aendelee kungoja.

Huko Argentina, mwezi Aprili 1977, akina mama 14 walikusanyika katika uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires kudai watoto wao waliochukuliwa na utawala wa kijeshi. Watawala waliwaita wendawazimu. Ni njia rahisi ya kunyamazisha huzuni, nasi tujihadhari tusiitumie vijijini mwetu. Nchini Chile Kanisa lilichukua njia nyingine: Kardinali Raúl Silva Henríquez aliunda mwaka 1976 ofisi ya Mshikamano, iliyoandika majina na habari za waliotoweka na kuzitunza.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za walei kila parokia zichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoaminika kwa kutunza siri. Wazitembelee nyumba hizi bila kuhubiri. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku zile saba walizokaa kimya, wakaharibu walipofungua vinywa. Waende kwa mjane wa askari na kwa mama wa kijana aliyetuhumiwa, maana wote wawili huteka maji kisima kimoja na hakuna anayelala. Asiyekula, au anayesema amechoka kuishi, asindikizwe siku hiyo hiyo kituo cha afya au hospitali ya wilaya, nauli itoke mfuko wa jumuiya, wala asiachwe peke yake njiani. Na familia itakayoridhia, habari za mtu wake ziandikwe: jina, siku, nguo alizovaa, nani alimwona mwisho. Daftari hilo likae kwa paroko, chini ya kufuli, mpaka atakapopatikana mwenye mamlaka aliye tayari kulisoma.