MWALIMU SI LAZIMA AWE MWANA WA MAHALI



Kila walimu wapangiwapo vituo huzuka neno lile lile, ya kuwa mtoto afundishwe na mtu wa kwao, mwenye lugha yake na desturi yake, na mgeni abaki kwao. Wasemao hivyo si wajinga, na baadhi yao ni wanachama wenzetu. Walakini sisi twaliona neno hilo ni la hatari, wala hatutanyamaza.

Tuwape kwanza haki yao. Katika Kenya utaratibu wa elimu wataka watoto wa darasa la kwanza hata la tatu wafundishwe kwa lugha ya mahali wakaapo. Mwalimu asiyejua neno la Kisomali atamfundishaje kusoma mtoto wa Wajir aliyetoka jana kwa mama yake? Hapo hatubishi: kwa madarasa ya chini, ajuaye lugha ya watoto atangulizwe. Lakini angalieni, tumesema ajuaye lugha, hatukusema aliyezaliwa katika ukoo. Kisomali chaweza kujifunzwa na mtu wa Kisii au wa Machakos, akipewa nafasi na mtu wa kumfundisha. Ukoo haujifunzwi.

Sasa yatazameni matunda ya neno lao huko huko kaskazini. Tarehe 22 Novemba 1914 haikuwa na habari hii, bali 22 Novemba 2014: basi lilitekwa Mandera, abiria 28 wakauawa, na walimu walikuwa miongoni mwao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika Garissa, na baada ya hapo Tume ya Walimu ikawaondoa wengi wasio wenyeji katika Garissa, Wajir na Mandera. Hatuwalaumu walioondoka, mwalimu hakula kiapo cha askari. Twauliza tu, nani aliyelipa? Shule zilibaki na watoto wengi na walimu wachache, kwa maana wenyeji waliosomea ualimu hawakutosha. Kanuni ya "mwalimu awe wa kwetu" ilitimizwa kwa bunduki, na hasara ikawaangukia watoto wa wenyeji wenyewe. Na mtoto aliyekosa mwalimu wa hesabu mwaka ule atakuwaje mwalimu wa hesabu wa kwao kesho?

Wala hatuusifu utaratibu wa mwaka 2018, Tume ilipoanza kuwahamisha walimu, hasa wakuu wa shule, mbali na kwao. Mume huku, mke kule, watoto kwa bibi! Sisi makarani twaijua barua ya namna hiyo. Wabunge walipotaka ukomeshwe mwaka 2022, wengi walishangilia, nao walikuwa na sababu. Kumpeleka mtu ugenini kama gunia katika garimoshi hakumfundishi kuwapenda watu wa huko.

Mfano wa mgeni aliyefaa hauko mbali. Julius Nyerere, Mzanaki wa Butiama, alifundisha St. Mary's, Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, kisha akafundisha Pugu, katika nchi ya Wazaramo. Hatujasikia mtu akilalamika kwamba hakuzaliwa huko. Jina la Mwalimu lilimfuata mpaka Ikulu.

Basi tudai yapasayo. Mwalimu apelekwaye mbali afundishwe lugha ya huko kabla ya kuingia darasani, naye awe akipokea mshahara wake. Apewe nyumba karibu na shule, na ulinzi panapo hatari. Mume na mke walio walimu wapelekwe pamoja. Vijana wa Mandera na Wajir wapewe nafasi vyuoni kwa wingi, si ili wafundishe kwao tu, bali waende na Nyeri na Kisumu pia. (Mbona hakuna aulizaye kama mtoto wa Nyeri aweza kufundishwa na Msomali?)

Mwanachama mwenye shauri lingine aliandike, limfikie Katibu kabla ya mkutano ujao.