Wachezaji wanaomtaja Yesu, na masikio ya Mugunga

Ukipita Mugunga jioni, kandokando ya barabara inayokwenda Sake, utakuta watoto wanacheza kabumbu juu ya mawe meusi ya volkano. Mtoto akifunga bao, hakimbilii wenzake kwanza. Anapiga magoti, anafanya ishara ya msalaba, ananyoosha vidole mbinguni, kisha ndipo anatetema kama Fiston Mayele. Ishara hizo hakufundishwa na katekista. Amezitoa kwenye televisheni ya nganda, kwa wachezaji wanaolipwa pesa ambazo baba yake hatazihesabu maishani.

Ndiyo maana jambo la wachezaji wa kulipwa wanaotangaza imani yao ya Kikristo mbele ya kamera si la Ulaya peke yake. Linafika hapa, komini ya Karisimbi, na linawalea watoto wetu. Msimamo wa ukurasa huu ni kwamba waachwe waseme. Ila tuna deni la kuwadai, na wachungaji wetu tunawadai zaidi.

Tuanze na haki yao ya kusema. Sheria za mchezo zinakataza maandishi ya dini, ya siasa au ya binafsi kwenye mavazi ya mchezaji. Wazee wa kabumbu watakumbuka Kaká mwaka 2007 mjini Athens, baada ya AC Milan kutwaa Ligi ya Mabingwa, akiwa amepiga magoti na fulana inayosema yeye ni mali ya Yesu. Miaka miwili baadaye Wabrazili walisali pamoja uwanjani Afrika Kusini baada ya kushinda Kombe la Mabara, na FIFA ikawaonya. Karibuni zaidi, tarehe 30 Novemba 2024, Marc Guéhi, kapiteni wa Crystal Palace aliyezaliwa Abidjan na ambaye baba yake ni mchungaji, aliandika kwa kalamu kwamba anampenda Yesu. Aliyaandika maneno hayo juu ya kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, cha kampeni ya kuwaunga mkono wapenzi wa jinsia moja. Shirikisho la Uingereza likamkumbusha sheria. Siku chache baadaye, dhidi ya Ipswich, akaandika tena, safari hii kwamba Yesu anawapenda ninyi. Hakuadhibiwa.

Mahali alipoandika palizua mabishano, na mabishano hayo yana haki yake. Lakini kumwambia mtu aiache imani yake kwenye chumba cha kubadilishia nguo ni kumwambia aingie uwanjani nusu. Na sisi Wakongo ndio wa mwisho kuweza kusema dini na mpira havikai pamoja. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Kinshasa, padri Raphaël de la Kethulle alijenga shule na viwanja mpaka watu wakamwita Tata Raphaël, na uwanja ambamo Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974 unaitwa leo kwa jina lake. (Ali mwenyewe alikuwa Mwislamu asiyeficha imani, na Kinshasa ilimpenda kuliko mwanasiasa yeyote.) Mpira wetu ulizaliwa uani mwa misheni.

Shida inaanza pale ushuhuda unapogeuka hirizi.

Tarehe 16 Novemba 2025, mjini Rabat, Leopards waliitoa Nigeria kwenye mbio za Kombe la Dunia. Sare ya 1-1, kisha penaliti 4-3, na kapiteni Chancel Mbemba ndiye aliyepiga ya mwisho. Goma ililia kwa furaha, hata katika wakati huu ambao furaha imekuwa bidhaa ghali. Kocha wa Nigeria, Éric Chelle, akatoka akidai kwamba mtu mmoja wa upande wa Kongo alikuwa akifanya uchawi wakati wa penaliti. Tulimcheka. Tulikuwa na haki ya kumcheka, maana kipa Timothy Fayulu aliingizwa kwa ajili ya penaliti zile na alifanya kazi yake kwa mikono.

Hata hivyo, tujiulize kwa nini shutuma ile ilipata wasikilizaji. Katika mitaa yetu, mganga na mtumishi wa Mungu mara nyingi wanaombwa kazi ileile: mpira uingie, kipa wa wapinzani asione, goti la mshambuliaji wao liume. Mmoja anatoa dawa, mwingine anatoa chupa ya mafuta ya upako, na mchezaji kijana analipa kote kuwili. Halafu akifunga, anasema mbele ya kamera kwamba Yesu amempa bao. Na wale Wanaigeria? Timu yao nayo imejaa waumini wanaosali kwa duara kabla ya mchezo. Kama Mungu alichagua upande usiku ule wa Rabat, mtu atueleze alipima nini.

Hili linaweza kuonekana kama mzaha wa watu wa magazeti. Kwa Mugunga si mzaha. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi wa Mugunga na Lac Vert, yakaua zaidi ya watu kumi, wengi wao watoto. Walikuwa watu wa sala. Ndani ya kambi zile zilizojaa maturubai, ibada haikukosekana. Ukimfundisha mtoto kwamba bao ni jibu la Mungu kwa anayeomba vizuri, umemfundisha pia, bila kutaja, kwamba bomu ni jibu kwa aliyeomba vibaya. Mtoto hachelewi kufika kwenye hitimisho hilo. Anayeshindwa majaribio ya klabu anaambiwa hakufunga na kusali vya kutosha, na anarudi nyumbani akiwa na deni la sadaka na aibu juu yake. Tunawajua vijana wa namna hiyo. Wapo kila kona ya mji huu.

Lakini kuna ushuhuda mwingine, na huo tuliuona kwa macho yetu. Tarehe 7 Februari 2024, Abidjan, nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji Ivory Coast. Wimbo wa taifa unaimbwa, na wachezaji wa Leopards wamesimama kila mmoja mkono mmoja umefunika mdomo, vidole viwili vya mkono mwingine vimeelekezwa kwenye kipaji kama bastola. Maana yake ilieleweka mara moja: mashariki ya Kongo watu wanauawa na dunia imenyamaza. Cédric Bakambu alikuwa amekwisha kuuliza hadharani kwa nini mauaji haya hayapati hata sehemu ya makelele yanayopewa mashindano. Wiki ileile vita ilikuwa Sake, na barabara ya Mugunga ilijaa watu wenye magodoro vichwani, watoto mgongoni, na chukudu zilizobeba nyumba nzima. Leopards walifungwa 1-0. Mugunga haikuzungumzia bao la Sébastien Haller.

Siku nane baadaye Romelu Lukaku, Mbelgiji wa damu ya Kongo na Mkatoliki ambaye hajawahi kuficha imani yake, aliifungia Roma dhidi ya Feyenoord mjini Rotterdam. Mikono ambayo amezoea kuinyoosha juu ilifanya ishara ileile ya mdomo na kipaji. Kwetu sisi haikuwa lazima atoke kwenye imani yake ili afanye vile. Mtu aliyefundishwa habari ya Msamaria anajua kwamba kuhani na Mlawi nao walikuwa watu wa dini, na walipita upande wa pili wa barabara.

Wapo watakaosema ile ilikuwa siasa, si ushuhuda, na kwamba mchezaji aache siasa kama anavyotakiwa kuacha dini. Wapo pia watakaosema kwa uchungu kwamba ishara haikuzuia kitu: ilifanyika Februari, mabomu yakaja Mei, na Januari 2025 M23 ikaingia Goma, kambi za Mugunga zikavunjwa na watu wakaambiwa warudi walikotoka. Yote hayo ni kweli. Sala pia hazikuzuia, na hakuna anayewaambia watu waache kusali. Tofauti ni kwamba siku ile ya Abidjan mtu wa chini ya turubai aliona jina lake likitajwa na watu wenye masikio ya dunia. Hilo si kidogo kwa mtu aliyezoea kuhesabiwa tu na shirika la msaada kabla ya kugawiwa unga.

Tena kuna waliokwenda mbali zaidi ya ishara. Dikembe Mutombo, mwanafunzi wa zamani wa Wajesuiti pale Boboto, alitoa zaidi ya dola milioni 15 za mfukoni mwake kwa hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie, iliyofunguliwa mwaka 2007. Mama huyo alifariki bila kufikishwa hospitalini. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alitoa mshahara wake wa Phoenix Suns, dola milioni 1.3, mwaka 2022, ili hospitali ijengwe kwa kumbukumbu ya baba yake. Majina yao hayakukua kwa mahubiri.

Basi kwa wachezaji wetu wanaovaa misalaba na kuanza kila mahojiano kwa kumshukuru Mungu: endeleeni, hatuwatoi neno mdomoni. Tunaomba sentensi ya pili. Baada ya kumshukuru Mungu kwa bao, taja Mugunga, taja Sake, taja Rutshuru, kwa majina. Mwandishi wa habari wa Paris au London hatakukata, na akikukata sisi tutajua.

Kwa wachungaji wa hapa tuna ombi la karibu zaidi. Mugunga ina vipande vichache sana vya ardhi iliyosawazishwa, na vingi viko ndani ya nyua za makanisa na shule za makanisa. Kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi mageti yake hufungwa, na watoto wanachubuka magoti nje juu ya lava. Kijana akija na viatu vyake vya mpira kuombewa majaribio, mwombeeni, msimuuzie chupa. Halafu mfungulieni geti, mumwite na yule aliyeshindwa majaribio wiki iliyopita, na mipira miwili. Tata Raphaël hakuhitaji mfadhili kutoka Doha ili aanze.