Mbwa Hana Hatia, Adui ni Uzembe

Wako miongoni mwetu wanaoamini kuwa dawa ya maradhi yaletwayo na mbwa ni moja tu: sumu au risasi. Sisi hatukubaliani nao. Mfano tunao, nao unatoka kwa watu wa kisiwani kama sisi.

Wakulima wa Iceland wanaye mbwa wa mifugo aliyefika na wahenga wao zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ni mbwa wa kimo cha wastani, dume lake hufikia kiasi cha sentimita 46 begani. Masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na manyoya yake ni ya tabaka mbili. Huwakusanya kondoo kutoka milimani kwa kubweka, wala hana ukali kwa watu. Lakini naye anadai haki zake: afundishwe angali mdogo, apewe kazi, achanwe manyoya, asitupwe peke yake kutwa nzima.

Hata hivyo, mbwa huyo aliwahi kuwa njia ya msiba. Mchinjaji alimtupia maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Humo mlikuwa na mbegu ya mnyoo tegu. Mnyoo ukakua tumboni mwa mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, yakamfikia binadamu kwa mikono na chakula, naye akaota uvimbe ndani ya ini. Mwaka 1863 mtaalamu wa Denmark, Harald Krabbe, alikwenda kuuchunguza ugonjwa huo. Wananchi wakaelimishwa kwa kijitabu, kisha zikafuata sheria za kuwapa mbwa dawa ya minyoo na kuteketeza viungo vyenye ugonjwa. Mji wa Reykjavik ulipiga marufuku mbwa mwaka 1924, na marufuku hayo yakalegezwa mwaka 1984. Ugonjwa umetokomezwa, mbwa yungali hai. Naam, alipokaribia kutoweka, mwaka 1969 kiliundwa chama cha kumhifadhi.

Nasi je? Kisiwani Pemba kichaa cha mbwa kilitoweka baada ya kazi kubwa ya chanjo, lakini mwaka 2016 kiliingia tena, ikabidi kuchanja upya. Bahari si ukuta.

Dini imemruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa mawindo. Na kilichoruhusiwa kina wajibu wake. Kwa hiyo, mwenye mbwa ampeleke kwenye chanjo, ampe maji na chakula, wala asimwache kuzurura machinjioni. Na viongozi wetu wasingoje mtoto aumwe ndipo waitishe mkutano. Chanjo ifike kila shehia kila mwaka, machinjio yazungushiwe uzio, na mabaki yafukiwe au yachomwe.

Wenzetu walianza kwa elimu, wakaimarisha kwa sheria, wakadumu nayo kwa miaka mingi. Kudumu huko ndiko tunakokudai.