Simu yako haina virusi 13, boss

Leo sileti mbinu ya kupiga picha bidhaa wala namna ya kujibu mteja anayeuliza "mwisho bei gani". Leo nataka tubishane kidogo kuhusu hizi antivairasi za kwenye simu, maana zinatumaliza kimya kimya kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, na wengi tunajiwekea wenyewe kwa mikono yetu.

Kuna dada mmoja wa Kibondo anauza vitenge na viatu vya mtumba kwa status. Ameniruhusu nisimulie, jina naliacha. Jioni moja anaperuzi habari za udaku, ghafla skrini ikawa nyekundu, simu ikatetemeka: simu yako imeshambuliwa na virusi 13, laini itaharibika ndani ya dakika mbili, bonyeza hapa usafishe. Na pale juu wameandika aina ya simu yake kabisa. Hapo ndipo alipoishiwa nguvu. Akasema, hawa kama wanaijua simu yangu, basi wameiona kweli.

Akabonyeza. Ikashuka programu yenye picha ya ngao ya kijani. Ikaomba ruhusa ya kuona meseji, ya kusoma majina ya simu, ya kukaa juu ya programu nyingine. Akakubali zote. Nani kati yetu huwa anasoma yale maandishi?

Siku ya tatu WhatsApp ikamtoa nje. Mtu mwingine alikuwa ameshaingia kwa namba yake. Wateja wakaanza kupokea meseji: mzigo mpya umefika, namba yangu ya malipo ina shida, tuma kwa hii. Watatu wakatuma. Jumla ikawa 185,000. Mmoja ni mteja wa Kakonko ambaye huwa wanatumiana mzigo kwa basi mwaka wa pili sasa, hawajawahi kuonana hata siku moja. Sote tulishazoea kucheka zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", tunajiona wajanja. Sasa ikitoka kwa muuzaji wako mwenyewe, kwa namba yake, na picha yake ya kitenge juu, utacheka?

Tuelewane kitu kimoja. Ukurasa wa intaneti hauwezi kuskani simu yako, hauna uwezo huo. Ile aina ya simu waliyoiandika, kivinjari chako ndicho kinachowapa, kama vile muuza duka anavyokuona umevaa jezi akajua unashabikia timu gani. Kutetemeka nako ni amri tu ambayo ukurasa unaruhusiwa kuitoa. Hesabu ya virusi wanajitungia. Hata simu iliyotoka kwenye boksi leo asubuhi itaambiwa ina virusi 13.

Kilichomuumiza dada sio kirusi. Ni ruhusa ya meseji. Ukitaka kufungua WhatsApp kwenye simu nyingine, inatumwa namba ya siri kwa meseji. Programu inayosoma meseji zako inaisoma hiyo namba kabla hujanyanyua simu mezani. Imeisha hiyo.

Na msidhani ni ushamba wa huku kwetu milimani. Mwaka 2014 kwenye duka la Google kulikuwa na programu inaitwa Virus Shield, inauzwa dola 3.99. Ilinunuliwa zaidi ya mara 10,000 na ikafika juu kabisa kwenye chati za zile za kulipia. Watu walipoifungua ndani kuona inafanya nini, wakakuta kazi yake ni kubadilisha picha: unabonyeza, alama ya X inageuka kuwa alama ya vema. Basi. Google ikabidi warudishe hela za watu. Mwaka 2022 wataalamu wakakuta programu sita kwenye duka hilohilo, zimejiita antivairasi, zilishashushwa zaidi ya mara 15,000, kumbe ndani zimebeba SharkBot, kirusi cha kuiba taarifa za benki. Waliopigwa wengi walikuwa Italia na Uingereza, wazungu na shule zao.

Hata zile zisizo za wizi, nyingi hazina msaada. Mwaka 2019 taasisi ya AV-Comparatives ilipima antivairasi 250 za Android. Ni 80 tu zilizokamata zaidi ya asilimia 30 ya programu mbaya walizowekewa bila kusingizia zilizo nzima. Asilimia 30 jamani! Mlinzi wa duka akikamata wezi watatu kati ya kumi utamlipa mshahara?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua mafundi fulani wataninunia: muuzaji mdogo mwenye Android ya kawaida hahitaji kuongeza antivairasi yoyote. Simu tayari ina Play Protect, ipo ndani ya duka la Google, haidai hata shilingi. Fungua Play Store, gusa picha yako pale juu, utaiona, iache iwe imewashwa. Elfu tano ya "kuwekewa antivairasi" pale sokoni usitoe. Mi mwenyewe nilishaitoa. Niliwekewa programu ya bure ambayo ningeishusha mwenyewe, tena ikaanza kuniletea matangazo katikati ya kuongea na mteja, bando la wiki likawa linaisha siku ya tatu. Fundi mlipe kwa kioo, kwa sehemu ya chaji, kwa kazi ya mikono yake. Hizi programu za kusafisha, kupoza simu, kuongeza kasi ya betri, zote kapu moja. Februari 2020 Google waliondoa karibu programu 600 kwa sababu ya matangazo ya kurukia watu usoni.

Kama tayari unaiona ngao usiyoijua kwenye simu yako, usifanye kwa papara. Zima data kwanza, maana mwizi bila intaneti ni kama bodaboda bila mafuta. Kisha ingia setingi, sehemu ya programu, uitafute uiondoe. Nyingine zinakataa kuondoka, kitufe cha kufuta kimefifia. Hiyo ina maana ulishaipa usimamizi wa simu. Tafuta kwenye setingi neno "msimamizi" au "admin", uinyang'anye hayo madaraka, halafu rudi ufute. Angalia pia sehemu ya ufikivu, ile iliyowekwa kuwasaidia wasioona vizuri. Programu iliyowashwa humo inaweza kusoma kila kinachopita kwenye skrini, kwa hiyo ukikuta jina geni, zima.

Ikiwa tangazo linafunika kila kitu hata setingi hufiki, washa simu kwa hali salama. Simu nyingi unashikilia kitufe cha kuzimia, kisha pale penye neno la kuzima unagandamiza kidole kwa muda mpaka ikuulize. Ikiwaka hivyo, programu zote ulizoongeza wewe zinalala, na hapo unaifuta kwa raha.

Na kuna wengine mtatafuta programu mkose kabisa, ila ujumbe wa "virusi" unaingia kila baada ya nusu saa. Hapo mara nyingi hakuna kirusi wala programu. Siku moja uliingia tovuti fulani ikakuuliza "ruhusu arifa?" ukabonyeza ndiyo ili uendelee kuangalia mpira. Nenda setingi za Chrome, sehemu ya arifa, zima tovuti zote usizozijua. Nimewasaidia wateja kadhaa dukani kwa hili tu, wakashangaa nimetumia dakika moja, mmoja akaacha soda.

Baada ya kufuta badilisha namba ya siri ya pesa, na WhatsApp weka ile namba ya ziada ya tarakimu sita. Hiyo ndiyo ingemuokoa dada wa Kibondo, maana mwizi angekuwa na namba ya meseji lakini angekwama hapo. Angalia na vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua itoe. Namba ya tapeli aliyewaandikia wateja wako, itume kwa meseji kwenda 15040, ni ya TCRA, inafanya kazi mitandao yote.

Wenye laptop za stesheni, kwenu ni fupi: Windows 10 na 11 zina Defender ndani, inatosha. Ukitokea ujumbe wenye namba ya simu ya kupiga "Microsoft", funga. Microsoft haweki namba ya simu kwenye ujumbe wa hitilafu.

Sasa lile ambalo hatupendi kulisikia. Sisi wenyewe ndio wasambazaji. Kwenye magrupu yetu ya biashara watu wanarushiana mafaili ya programu kutoka nje ya duka, hasa zile WhatsApp za kuongezewa nakshi, eti unahifadhi status za wenzio na unaona meseji zilizofutwa. Ukishazoea kuruhusu simu ipokee faili la yeyote, siku likija lenye jina la antivairasi utalipokea vilevile. Na WhatsApp wenyewe wanafungia akaunti zinazotumia hizo za kuchonga. Namba yako ya biashara ya miaka mitatu ikifungwa, utaanza kutafuta wateja Nyarugusu na Nduta upya, mmoja mmoja.

Dada wa Kibondo aliamua kuwarudishia wale wateja watatu hela yao, kidogo kidogo. Wapo waliomwambia mjinga, kwamba hakuiba yeye. Mi nadhani alifanya sawa, ingawa ilimla mtaji wa mwezi mzima. Yule wa Kakonko bado ananunua, ila sasa kabla hajatuma hela anapiga simu kwanza asikie sauti.